Kodiani ya Mtumba

Mama aliuza mtumba Tangamano
na kanuni yake ilikuwa moja:
nguo usiitazame usoni, isome kwapani.
Huko ndiko jasho la mwenyewe wa awali
lilikoandika habari zake.

Nimeikumbuka leo Dundee, Jumamosi ya Februari,
mvua ya ubavuni ikinisukuma hadi kwa Bi Ishbel Geddes,
ghorofa ya tatu, ngazi za mawe zilizolika katikati
kama sabuni.

Wiki iliyopita, kwenye duka la rehani,
niliiona nyekundu, imenakshiwa lulu,
vifungo vya besi mia na ishirini,
meno meupe yakinichekea kama bwana harusi.
Nikaivaa. Mgongo ukasema: mama wee,
usiku kucha unainua wagonjwa,
na mchana unataka kubeba friji?
Nikaifungua polepole. Ikapumua koga,
chumba cha chini ya ardhi, viatu vilivyovuliwa vimelowa.
Drummond, anayenifundisha Jumanne kwa malipo ya maandazi,
akaninong'oneza: "Nta imekauka. Ndimi zitadondoka
moja moja, kama meno ya mtoto.
Utailipia mara mbili, leo hapa, kesho kwa fundi."
Nikaivua. Yenyewe iliendelea kucheka.

Sasa hii: nyeusi, ndogo,
vifungo arobaini na vinane tu,
mkanda mmoja umeungwa kwa kamba ya kiatu.
Bi Ishbel hapigi. "Ilikuwa ya Hamish,"
akasema, mkono juu ya birika, asiitazame.

Nikafanya nilivyofundishwa.
Nikaishika kwa juu bila kubonyeza kitu,
nikaiacha ining'inie. Mvukuto haukushuka,
ulibana pumzi kama mtu mwenye siri.
Nikachungulia pembe za mikunjo, kwapani, Mama,
kwa taa ya simu: hakuna tobo, hakuna gundi ya haraka,
ni kitambaa kilichochakaa kwa haki.
Kisha jino baada ya jino, nikivuta, nikisukuma,
maana ulimi wa kuvuta siyo ulimi wa kusukuma,
mmoja waweza kuimba na pacha wake akawa bubu.

Do, re, mi, fa, sol.
La ya juu ikawa la kweli: ikakataa.
Nikavuta, la.
Nikasukuma, la. Hata pumzi haikupita.

Moyo ukaanza hesabu za sokoni,
hapa ndipo pa kushushia bei.
Nikafungua kinywa.
"Hiyo ni ya mbwa," akanitangulia.
"Brodie. Noti hiyo ikilia, naye analia,
majirani wanapiga simu. Hamish akaiziba kwa plasta."
Na mbwa?
"Alikufa. Miaka kumi na moja sasa."
Na plasta?
Akamimina chai, akaizidisha hadi kwenye kisahani.
"Alisema nyimbo zake zimeshazoea kuiruka."

Nilikusudia kutoa pauni themanini.
Nikatoa mia na ishirini alizotaja,
na kwenye ngazi, nimeikumbatia kama mgonjwa asiyeweza kutembea,
bado nikajiona nimempunja.

Usiku nikafungua wavu kwa bisibisi.
Plasta imegeuka kahawia. Niliibandua taratibu
kama ninavyowabandulia wazee zamuni, kwa kufuata malaika,
ikaja na unywele mmoja, mfupi, mwekundu.
Sikujua pa kuuweka. Nimeuweka ndani ya kasha la miwani.

Nikabonyeza.
La. Nyembamba, kavu kidogo,
sauti ya mtu aliyeamshwa na asikasirike.
Nikaishikilia mpaka mvukuto ukaisha.
Hakuna mbwa aliyejibu.
Jirani wa chini ndiye aliyegonga dari lake, mara mbili,
kwa mpini wa ufagio,
nami, kwa kuwa mwanagenzi,
nikadhani ananihesabia mapigo.